Wino wa Kura ya Kisima Umeishia Kichwani Mwangu

Jamani, leo sina uso. Kichwa ninacho, lakini nacho kimegeuka rangi. Kaeni niwaelezee mwenyewe kabla hamjaona picha, kwa sababu picha ziko, na najua ni nani ameanza kuzituma.

Leo Jumamosi ilikuwa siku ya kumchagua mwenyekiti wa kisima chetu. Kwa wale hamjui, mtaa wetu uko nje kidogo ya Kitengela, ukielekea upande wa Kajiado, na sote tunategemea kisima kimoja. Pampu ilikufa miezi mitatu iliyopita. Kamati iliyokuwepo ikalaumiana mpaka ikavunjika, na tangu hapo tunaletewa maji na punda. Wagombea walikuwa wawili: Mama Shiku, mwenye duka la hadiwea, na Fundi Kioko, mtu pekee hapa mtaani anayeweza kuifungua pampu na kuirudisha bila kubaki na nati mkononi.

Msimamizi wa uchaguzi alikuwa Mwalimu Gichuhi. Amestaafu, lakini mwili ndio umestaafu, sauti bado iko kazini. Kwenye mkutano wa wiki jana alisema anataka watu wa kujitolea, hakuna malipo, ni chai na mandazi tu. Watu wote wakaanza kuangalia viatu vyao. Mimi nikainua mkono kabla hajamaliza sentensi. (Niliinua miwili.)

Msidhani ni mapenzi ya demokrasia. Sababu yangu ilikuwa na jina: Mzee Parmuat, baba mkwe wangu.

Mimi ni Mkamba wa Kitui. Mume wangu, Lemayian, ni Mmaasai wa hapa hapa. Siku ya kwanza aliponipeleka kwao, miaka miwili iliyopita, mzee alitoka nje kutupokea. Mimi nimelelewa kwamba mzee unamsalimia kwa mkono, tena unaukamata kwa heshima. Nikapiga hatua mbele, nikamnyooshea mkono. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba huku mtoto hampi mzee mkono. Unainamisha kichwa, yeye anakugusa utosini, na hiyo ndiyo salamu, baraka zikiwa ndani yake. (Lemayian anasema aliniambia. Hakuniambia.)

Mzee aliuangalia mkono wangu. Akamwangalia mwanawe. Akaenda kuona ng'ombe.

Tangu siku hiyo hajanitukana, hajanigombeza, hajanifukuza. Ila haongei na mimi moja kwa moja. Nikimpelekea chai anamwambia Lemayian, "Mwambie bibi yako chai iko na sukari mingi." Na mimi nimesimama hapo hapo na birika mkononi. Kichwa nimemwinamishia kila mahali: langoni, matangani, na siku moja hata kwenye kituo cha petroli. Yeye hupita akitupa salamu ya Kimaasai, "sopa, sopa", kwa hewa. Imekuwa ikiniuma, sitawadanganya. Wake wa ndugu za Lemayian wote hushikwa kichwa, na mimi hubaki nimeinama peke yangu nikijifanya natafuta kitu chini.

Sasa, Mzee Parmuat ndiye mwanachama namba moja wa kisima, kwa sababu kisima kilichimbwa kwenye shamba lake. Kura lazima angepiga. Na mimi nikiwa mfanyakazi wa uchaguzi, lazima angepita mbele yangu, apende asipende. Mmeona hesabu yangu?

Mwalimu Gichuhi alinipa kazi ya wino. Alisema, "Mwende, nimekupa hii kwa sababu hakuna mtu anaweza kuiharibu." (Mwalimu, popote ulipo, pole.) Akaniandikia orodha ya vitu vya kuleta: wino wa mhuri, sponji, tishu. Akaniambia tutatia wino kidole kidogo cha mkono wa kushoto, vile hufanywa siku zote.

Mimi nikajifanya najua mila kuliko wenye mila. Nikamwambia, "Mwalimu, kweli utamwambia mzee wa watu akupe mkono wa kushoto? Si ni matusi hayo?"

Mwalimu akavua miwani, akafikiria. "Hapo umesema kitu."

Basi ikapitishwa: kidole cha shahada, mkono wa kulia. Nilifurahi mpaka nikamsimulia Lemayian mara mbili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi guu langu liko salama. Kilichoumia ni sehemu ya juu.

Asubuhi tukafungua kituo kwenye darasa la chekechea la kanisa. Viti ni vile vidogo vya watoto. Nikaketi mlangoni, magoti yakafika kidevuni. Sasa zingatieni mambo matatu. La kwanza, nimeketi chini kiasi kwamba mtu akisimama mbele yangu, kichwa changu kiko usawa wa mkono wake. La pili, wiki mbili zilizopita nilinyoa nywele zote kwa sababu ya joto. La tatu, Mwalimu alikuwa amepiga marufuku kofia na vitambaa vya kichwa, kwa sababu wagombea wote wawili walikuwa wamevigawa mtaani wiki nzima.

Na tishu je? Tishu nilikuwa nimeiacha juu ya kochi, pamoja na sponji. Nikajiambia hakuna shida, mtu atachovya kidole ndani ya chupa moja kwa moja. Wino ukiwa mwingi, hakuna atakayedanganya.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Mtu anafika mlangoni, mimi nakagua mikono yake kama ina wino. Anaingia, Mwalimu anatafuta jina lake kwenye daftari, anapewa karatasi, anaenda nyuma ya leso tuliyotundika kwa kamba, anatumbukiza kura kwenye ndoo iliyofungwa kwa gundi ya karatasi. Akitoka, anachovya kidole kwangu. Mlango ni mmoja, kwa hivyo mimi nilikuwa mwanzo na mwisho.

Wa kwanza kupiga walikuwa vijana. Walichovya, wakapunga vidole hewani, wakatoka nje wakapangusa kwa ukuta. (Ukuta ni wa kanisa. Pasta ataugundua kesho.)

Halafu akaja Mzee Tipanko, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote hapa kwetu. Akapiga kura yake taratibu, akachovya kidole. Na mimi, kwa mazoea ya miaka miwili, nikainamisha kichwa. Mzee akaniwekea mkono utosini, akanisalimia kama mtoto wake:

"Nakerai, takwenya."

"Iko," nikamwitikia kwa neno lao, kama mwanamke wa Kimaasai aliyezaliwa papo hapo.

Nilihisi ubaridi kidogo kichwani. Nikasema moyoni, kumbe baraka huwa na ubaridi. Sikuwahi kujua kwa sababu sikuwahi kupewa.

Nyuma yake alikuwa Mzee Kariuki, mwenye mashine ya kusaga unga. Huyu ni Mkikuyu, tena wa kutoka juu kabisa Nyeri. Akachovya kidole. Akakiangalia kinavyodondoka. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akaniangalia mimi, nikiwa bado nimeinama. Halafu akaweka kidole chake kichwani mwangu, akakisugua kidogo.

Nusura nilie. Wakikuyu hawana salamu ya kichwa! Nikaona huyu ni mzee aliyeishi na Wamaasai mpaka mila zao zikamwingia. Nikamwambia kwa unyenyekevu, "Asante sana, baba."

Akanitazama kidogo. "Eh. Asante wewe pia."

Baada ya hapo ilikuwa ni mvua ya baraka. Wazee walifuatana. Wamaasai, Wakikuyu, na mzee mmoja Mkamba kama mimi, ambaye nilimshangaa kabisa maana kwetu tunajuana. Wengine waligusa haraka, wengine walisugua. Mmoja alisugua mbele ya kidole, akakigeuza, akasugua nyuma. (Hapo ningeshtuka. Sikushtuka.) Mimi niliinama kwa kila mmoja na kusema asante, nikiwaza jinsi nchi hii inavyosemwa vibaya na kumbe wazee wake wana upendo hivi.

Na watu walikuwa wananitabasamia! Kila anayeingia, tabasamu. Sharon, msichana aliyekuwa wakala wa Mama Shiku, alitoa simu yake.

"Mwende, hebu angalia huku. Inamisha kichwa kidogo. Aah, iko poa."

"Nimetoka vizuri?"

"Umetoka, weh. Na hauskii kitu?"

"Nasikia furaha tu."

"Sawa," akasema, akaenda kusimama nje kidogo na wenzake. Nikasikia wakicheka, nikajua ni ujana.

Saa nne hivi akaja Mama Kanini, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Akanyoosha mikono nikague. Kiganja cha kulia kilikuwa na doa la zambarau.

"Mama Kanini, wewe umeshapiga."

"Nimepiga saa ngapi na ndio nafika? Nimesalimiana na Mzee Tipanko hapo nje. Yeye ndiye ako na wino."

"Sheria inasema mwenye wino hapigi."

Mwalimu Gichuhi akaangalia daftari lake. "Lakini jina lake bado sijaweka alama hapa."

Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini mamlaka yalikuwa yamenipanda. Nikamuuliza, "Mwalimu, kati ya alama ya daftari na alama ya mwili, ni gani ina nguvu?"

Mwalimu anapenda sheria kuliko chai. Akakubali. Mama Kanini akanitazama.

"Mwende. Jana ni nani amekupa kitunguu?"

"Mama Kanini, kitunguu si kitambulisho."

Watu kwenye foleni wakasema "uuui." Mama Kanini alitoka, akakaa juu ya jiwe hapo nje, mkoba wake mapajani, na hakwenda nyumbani. Kila nikiinua macho nilimwona ananiangalia.

Mchana, saa sita na kitu, nikasikia kikohozi ninachokijua. Mzee Parmuat. Shuka yake ya siku za mikutano, kofia yake ya pamba ya kijani (ambayo Mwalimu hakuthubutu kumwambia avue), fimbo kwapani. Alinionyesha mikono bila kuniangalia, akaingia, akapiga kura, akarudi mlangoni. Nikamshikilia chupa. Niliiinua mno, akachovya kidole karibu chote.

Nikainama. Niliinama mpaka kile kiti kidogo kikalia. Nikangoja. Ndani ya darasa watu wakageuka kutuangalia, maana mtaa mzima unajua habari yetu. Nilikuwa naona viatu vyake tu, na viatu havikusonga. Nikaanza kuomba kimyakimya. Kisha nikahisi kidole, hapo katikati kabisa ya kichwa.

"Iko!" nikasema kwa nguvu. (Hakuwa amesema kitu.)

Akaondoka. Nikatoa simu nimwandikie Lemayian. Kabla sijamaliza nikaona kivuli mbele yangu. Mzee amerudi. Amesimama hapo, hasemi. Mimi ningefanya nini? Nikainama tena. Safari hii ulikuwa mkono mzima, akauacha hapo kwa muda, mzito na wa joto. Nikajibu "Iko" nyingine, ya taratibu. Akaenda zake.

Nikaandika: BABA AMENISHIKA KICHWA MARA MBILI!!!

Lemayian akajibu: Kwani umeanguka?

Sikumjali. Mchana wote nilikuwa naelea. Nilikagua mikono ya watu nikiimba. Hata njaa sikusikia, na mandazi yangu yakaliwa na Sharon.

Saa tisa Mwalimu akafunga foleni. Kulingana na utaratibu, wafanyakazi wa uchaguzi hupiga kura mwisho. Nikainuka kwenye kile kiti, magoti yakapiga kelele, nikaenda mezani kuchukua karatasi yangu. Nikainama kutia sahihi kwenye daftari, kichwa changu kikaelekea watu wote.

"Mwalimu, ngoja," Sharon akasema. "Huyu ashapiga."

"Nani amepiga?" nikauliza.

"Wewe. Tena si mara moja. Hebu nihesabu." Akaja nyuma yangu. "Moja, mbili, tatu... Mwalimu, huyu amepiga kura mara kumi na moja."

Nikafikiri ni mzaha. Akanipa simu yake niangalie picha. Nikaangalia. Jamani. Kichwa changu kilikuwa yai la kware. Madoa kumi na moja ya zambarau, mengine ya duara, mengine yamevutwa mpaka karibu na sikio.

Darasa likalipuka. Watu waliokuwa nje wakaingia kuona, walioingia wakawaita waliobaki. Na nyuma ya wote akaja Mama Kanini na mkoba wake, bila haraka yoyote.

"Sheria ni msumeno, Mwende," akasema. "Mwalimu, kati ya alama ya daftari na ya kichwa, ni gani iko na nguvu?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniangalia tena. Nikaanza kujitetea kwa sauti iliyopasuka. "Hizi si kura! Hizi ni salamu! Wazee wamekuwa wakinibariki tangu asubuhi!"

"Wote kumi na moja?"

"Wote!"

Mwalimu ni mtu wa haki. Akasema basi, wenye alama waitwe, kila mmoja athibitishe yake. Wazee walikuwa bado nje wakingoja matokeo na chai. Nikaketishwa kwenye kile kiti katikati ya darasa, wazee wakanizunguka, wakaanza kunikagua kichwa kama mbuzi wa mnada.

Mzee Tipanko akaweka ncha ya fimbo yake juu ya utosi wangu. "Hii ni yangu. Nimesalimia mtoto."

"Mnaona!" nikasema.

"Mzee Kariuki?" Mwalimu akauliza.

"Mimi?" Mzee Kariuki akakohoa. "Mimi nilikuwa napangusa."

"Unapangusa nini?"

"Wino. Ilikuwa mingi na hakuna tishu. Nikaona huyu mzee mbele yangu amepangusa hapo, na msichana ameinamisha kichwa vizuri tu, nikajua ndio mambo ya siku hizi. Hata ameniambia asante."

Sijui kama mmewahi kusikia watu wazima wakicheka mpaka wanashikana. Mwalimu mwenyewe aligeukia ubao.

"Na wewe?"

"Mimi pia nilipangusa."

"Mimi pia. Niliona wenzangu."

"Mimi nilipangusa pande zote mbili," akasema yule mwingine, kwa uaminifu mkubwa. Yule mzee wa Kikamba alisema alidhani mimi ndiye sponji ya kituo. Mzee mmoja akauliza kama anatakiwa kuja kuitoa yake. Sharon alikuwa anahesabu kwa sauti, na kila akiongeza moja mimi nilizidi kuzama. Kwenye ukuta wa darasa kuna picha ya bata. Nilimkazia macho yule bata.

Ikabaki alama moja. Ya katikati.

Kicheko kikapungua chenyewe. Kila mtu alijua ni ya nani. Mzee Parmuat alikuwa amesimama mlangoni, hajakaribia. Mwalimu Gichuhi, ambaye huwa haogopi mtu, alishusha sauti.

"Mzee Parmuat. Samahani. Hii ya katikati... ulikuwa unasalimia, ama ulikuwa unapangusa?"

Nilimwangalia. Nilitamani aseme uongo. Uongo mmoja tu, mdogo. Lakini huyu mzee hajawahi kudanganya hata kuhusu sukari ya chai.

"Nilikuwa napangusa," akasema.

Niliumia. Nawaambia ukweli, madoa yale mengine yote hayakuwa kitu. Niliukumbuka ule ujumbe niliomtumia Lemayian kwa herufi kubwa. Miaka miwili nimeinama, na siku niliyoguswa nimekuwa tishu, na nimejibu salamu ambayo hakuna mtu alinipa. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nikainuka ili niseme naenda kuangalia chai.

"Kaa chini."

Nikageuka. Mzee Parmuat alikuwa ananiangalia. Mimi. Hakukuwa na Lemayian, hakukuwa na mwambie bibi yako. Nikakaa.

"Sijamaliza," akasema. Akaingia ndani, akasimama mbele ya kile kiti. "Ya kwanza nilipangusa. Nikatoka, nikafika hapo kwa gate, nikaangalia kidole. Nikasema, huyu mtoto ameinamisha kichwa miaka mbili. Na mimi leo nimempangusia wino kama ukuta. Hiyo si mzuri. Nikarudi. Ya pili nilisalimia."

Sharon, ambaye hajui wakati wa kunyamaza, akasema, "Lakini mzee, doa ya katikati ni moja tu."

"Ya pili huwezi ona. Kidole ilikuwa imekauka."

Kisha akaongeza, kwa Mwalimu, kama mtu anayetoa ushahidi, "Na alijibu mara mbili. Mimi sijasema kitu, yeye anajibu tu."

Watu wakacheka tena, na mzee naye, naapa, mdomo wake ulicheza kidogo. Akaniinamia. "Nakerai, takwenya."

Jibu ni neno moja. Nimelifanyia mazoezi miaka miwili, na leo mchana nimelitupa ovyo mara mbili bila kuombwa. Sasa limeitwa rasmi, mbele ya mtaa mzima, na mimi nikafungua mdomo ikatoka sauti ya pampu yetu kabla ya kufa. Nikaanza kulia. Nililia vibaya, na kamasi, kwenye kiti cha mtoto wa miaka minne. Nikajifuta machozi kwa viganja vyote viwili.

Viganja vilivyoshika chupa ya wino siku nzima.

Mwalimu akaamua nipige kura. Nikamwambia Mama Kanini atangulie, kwa sababu nilimkosea, na nikamwomba msamaha hapo hapo mbele ya watu, na uso wangu ukiwa vile ulivyokuwa. Alipiga kura yake, akaja kwangu, akachovya kidole.

"Inama," akaniambia.

Nikainama. Akakipangusa kichwani kwangu taratibu, pande zote, mpaka akaridhika. Halafu akafungua mkoba, akatoa pakiti nzima ya tishu, akanipa. Alikuwa nayo hapo kwenye jiwe tangu saa nne.

Fundi Kioko ameshinda. Tofauti ilikuwa kura thelathini na tisa, kwa hivyo hiyo kura yangu tuliyoifanyia kesi haingebadilisha kitu. Ameahidi pampu itafanya kazi wiki ijayo. Nimemwomba, kama anaweza, aanze leo, kwa sababu mimi nina shida ya dharura ya maji.

Sasa hivi ni saa moja jioni. Lemayian amejaribu sabuni, ndimu, na mafuta ya taa. Wino umetoka kwenye zambarau ukaingia kwenye waridi, na mimi nanuka jiko la stovu. Kesho ni Jumapili na niko kwaya, safu ya mbele. Najua mtaniambia nifunge kitambaa. Kichwa nitakifunga, uso je?

Mzee ametuma mtoto wa jirani na maziwa, na ujumbe kwamba maneno yake kuhusu chai ya kesho ataniletea mwenyewe, niwe nyumbani. Lemayian ameniuliza ujumbe huo ulikuja kwa nani. Nimemwambia umekuja kwangu, yeye asubiri ataambiwa.

Basi chekeni, siwezi kuwazuia, picha mnazo. Lakini chekeni yale madoa kumi na mawili yanayoonekana. La kumi na tatu hamlioni, na hilo naomba mniachie.